Kuhakiki msimbo kwa timu iliyotawanyika: namna ya kupanga kazi ili ombi moja lisile wiki nzima

Mwandishi wa programu aliyeko Dar es Salaam akituma ombi la kuingiza badiliko lake kwenye programu ya timu saa kumi na moja jioni, mhakiki (mwenzake wa kulisoma na kuliidhinisha) aliyeko Toronto ndiyo kwanza anafungua kompyuta, kwani huko, wakati wa majira ya baridi, ni saa tatu asubuhi. Mhakiki akiwa na swali moja tu, kwa mfano anataka kujua kwa nini muda wa kusubiri umewekwa sekunde 90 wakati kwingine kote ni 30, swali hilo litasomwa Dar es Salaam kesho yake, jibu litasomwa Toronto kesho jioni, na jibu likizaa swali jingine, siku ya tatu imeshaingia. Watu wanaokaa ofisi moja humaliza jambo kama hilo kwa kugeuza kiti. Timu iliyotawanyika hulilipia kila swali siku nzima ya kazi, na ndiyo maana mwongozo huu unashughulika zaidi na jambo moja, nalo ni kupunguza mizunguko kati ya mwandishi na mhakiki kabla badiliko halijaingia kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya programu.

Kwanza maneno mawili. Nitasema msimbo, yaani maagizo yanayounda programu, kwa kuwa "kodi" tunayoitamka ofisini humkumbusha msomaji mwenye nyumba na Mamlaka ya Mapato. Nitasema pia uhakiki badala ya ukaguzi. Mkaguzi, kwa masikio yetu, ni mtu anayekuja na jalada kumtafuta aliyekosea, ilhali mhakiki tuliyemjua katika somo la fasihi husoma kazi kwa makini, hutaja uzuri na dosari zake, na hulazimika kutoa ushahidi kutoka kwenye matini yenyewe. Huyu wa pili ndiye tunayemhitaji.

Kuchagua zana

Uhakiki ulianza kama kikao. Mwaka 1976 Michael Fagan wa IBM alichapisha utaratibu ambao kwao watu wachache, kila mmoja na jukumu lake, waliketi pamoja wakaupitia msimbo hatua kwa hatua. Utaratibu huo haufai kwa timu isiyo na chumba. Waandishi wa kiini cha mfumo wa uendeshaji wa Linux walitumia baruapepe, na hadi leo wanahakiki viraka, yaani faili za mabadiliko, kwa njia hiyo. Zana za kwenye kivinjari zilifuata baadaye. Guido van Rossum, aliyebuni lugha ya Python, alitengeneza Mondrian kwa matumizi ya ndani ya Google mwaka 2006, kisha Rietveld iliyotolewa kwa umma mwaka 2008, na kutoka kwenye Rietveld ikachipuka Gerrit kwa ajili ya mradi wa Android. (Mondrian alikuwa mchoraji na Gerrit Rietveld alikuwa msanifu majengo na mbunifu wa samani, wote Waholanzi kama van Rossum mwenyewe.)

Ushauri wangu kuhusu uchaguzi ni mfupi: tumia zana ya mahali ambapo hazina yako ya msimbo (ghala la faili zake na historia yake) tayari inaishi. Kama iko GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, tumia maombi ya kuunganisha ya GitHub. Kama iko GitLab, vivyo hivyo. Kama mteja au sheria inadai msimbo ukae kwenye seva yenu wenyewe, GitLab inaweza kusimikwa huko, na kwa seva ndogo Gitea au Forgejo ni nyepesi zaidi. Usivutwe na zana ambayo haitunzwi tena. Phabricator, iliyozaliwa Facebook na kupendwa na wengi, iliachwa na kampuni iliyokuwa ikiitunza mwaka 2021, na timu zilizoitegemea zililazimika ama kuhama ama kujiunga na jamii iliyoiendeleza kwa jina la Phorge.

Gerrit inastahili maneno machache ya ziada, kwa sababu imejengwa kwa fikra tofauti. Kule GitHub ombi ni tawi zima, nalo laweza kuwa na mabadiliko mengi ndani yake, ilhali Gerrit huhakiki kila badiliko peke yake na kutoa namba kwa kila toleo lake, hivyo mhakiki anaweza kulinganisha toleo la 2 na la 3 akaona tu kile kilichobadilika tangu alipolala. Kura zake huanzia -2 hadi +2, na +1 mbili hazifanyi +2, kwa maana ya kwamba watu wawili wanaosema "kwangu ni sawa" hawajalingana na mmoja mwenye mamlaka ya kuruhusu. Tena huonyesha zamu ni ya nani. Kwa watu waliopishana saa nane hilo ni jambo kubwa, ingawa kujifunza Gerrit huchukua muda, na mgeni wa timu atahangaika wiki ya kwanza.

Kuweka kanuni kwenye mashine

Kabla hujamwambia mtu yeyote ahakiki chochote, funga tawi kuu. Katika mipangilio ya hazina, fungua sehemu ya kanuni za matawi na uweke mambo matatu: kwamba hakuna anayesukuma (kutuma) msimbo moja kwa moja kwenye tawi kuu, kwamba kila ombi lina idhini ya angalau mtu mmoja asiye mwandishi wake, na kwamba majaribio ya kiotomatiki yamefaulu. Kwenye GitHub kanuni hizi ni bure kwa hazina za umma, lakini hazina ya faragha inahitaji mpango wa kulipia, basi lihesabu hilo mapema kwenye bajeti.

Kuna kanuni ya nne, ile inayofuta idhini kila mwandishi anapoongeza badiliko baada ya kuidhinishwa. Vitabu vingi vitakushauri uiwashe. Mimi naona iwashwe kwenye hazina zinazogusa fedha au taarifa za wagonjwa, na kwingineko izimwe, kwa sababu kusahihisha herufi moja baada ya idhini kutaigharimu timu siku nyingine nzima, na baada ya mara tatu nne watu wataanza kuidhinisha bila kusoma.

Kisha andika faili ya CODEOWNERS, ambayo hukaa kwenye mzizi wa hazina, au ndani ya folda ya docs au ya .github, na hutaja nani aitwe kuhakiki sehemu ipi. Mstari kama huu unatosha kuanzia:

/malipo/ @kampuni/timu-ya-malipo

Angalia mambo mawili. Mstari wa chini hushinda wa juu pale yote miwili inapolingana na faili moja, hivyo kanuni ya jumla itangulie na za mahususi zifuate. Nimeona timu ikishangaa miezi miwili kwa nini wahakiki wa malipo hawaitwi, kumbe nyota ya jumla (alama ya * inayolingana na faili zote) ilikuwa mwisho wa faili. Pili, taja timu badala ya mtu, na timu hiyo iwe na watu wa kanda mbili za saa, la sivyo likizo ya mtu mmoja itakuwa likizo ya mradi.

Mpangilio wa nafasi, mabano, majina ya vigeu na vigeu visivyotumika viachiwe programu ya kurekebisha mpangilio na ya kuchambua msimbo, ziendeshwe kila ombi linapotumwa. Mwanadamu asitumie mzunguko hata mmoja kubishania nafasi za pembeni. Na si suala la usafi tu. Februari 2014 Apple walitoa marekebisho ya dharura kwa sababu katika kipande cha msimbo kinachothibitisha saini ya seva kwenye muunganisho salama, mstari wa "goto fail;" ulikuwa umeandikwa mara mbili mfululizo; wa pili ulikaa nje ya sharti ingawa kwa macho ulionekana umo ndani, na uthibitisho uliobaki ukarukwa. Jicho lililochoka hupita juu ya mstari kama huo, lakini kichambuzi kinachotafuta msimbo usiofikika au mpangilio unaodanganya hakichoki.

Kuandika ombi lisiloleta maswali

Hapa ndipo siku nyingi huokolewa, na mwenye kuziokoa ni mwandishi, kabla hajabonyeza kitufe.

Anza na ukubwa. Utafiti uliofanywa na SmartBear kwenye timu ya Cisco na kutolewa mwaka 2006 ulipendekeza mhakiki asipewe zaidi ya mistari 200 hadi 400 kwa mara moja. Wahandisi wa Google, katika makala yao ya mwaka 2018, walieleza kwamba badiliko la kati kwao lilikuwa na mistari 24, na kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mabadiliko hayakuhitaji zaidi ya mzunguko mmoja wa kujibu maoni. Takwimu hizo mbili ziko pamoja kwa sababu ya maana: badiliko dogo halina mahali pa kuficha swali. Nimewahi kutuma ombi la mistari 1,900 likakaa siku tisa, kisha likaidhinishwa kwa neno moja, "Sawa", na hitilafu iliyokuwamo tukaonyeshwa na wateja. Sikumlaumu mhakiki. Kazi ikiwa kubwa, igawe: kwanza ombi linalohamisha faili bila kubadili tabia, kisha linaloongeza jedwali la hifadhidata, kisha linaloongeza kazi yenyewe.

Sasa maelezo. Chukua hitilafu ambayo karibu kila timu ya Afrika Mashariki hukutana nayo: seva hutumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, na ripoti ya mauzo ya "leo" huanza kuhesabu saa tisa usiku. Ombi lenye kichwa "Nimerekebisha ripoti" na maelezo matupu litaleta maswali manne. Linganisha na hili:

"Ripoti ya mauzo ya siku ilikuwa ikianza saa tisa usiku badala ya saa sita, kwa sababu hoja ya hifadhidata ilikata siku kabla ya kugeuza saa kutoka UTC. Sasa saa hugeuzwa kwenda Africa/Dar_es_Salaam kwanza. Namna tarehe zinavyohifadhiwa sikuigusa, zinabaki UTC. Kujaribu: ingiza mauzo ya saa saba usiku, fungua ripoti ya tarehe hiyo, nayo lazima yaonekane. Sina uhakika na mstari wa 41: faharasa ya tarehe huenda isitumike tena. Nimepima kwa rekodi 200,000 na hoja ilimalizika chini ya sekunde moja."

Kila sentensi hapo imeziba swali. Ya tatu inamzuia mhakiki kuuliza kama data za zamani zitahitaji kuhamishwa. Ya nne inampa njia ya kuthibitisha bila kumsubiri mtu aamke. Na ile ya mashaka inampeleka moja kwa moja penye udhaifu. Wengi huona haya kuandika "sina uhakika" mbele ya wenzao. Iandike. Mhakiki ataugundua udhaifu huo hata hivyo, ila kwa gharama ya siku moja zaidi.

Baada ya kuandika maelezo, fungua ombi likiwa bado rasimu, usome mabadiliko yako kwenye kivinjari kama mgeni, na uache maoni yako mwenyewe kwenye mistari inayohitaji maelezo. Ukirejelea mstari wa faili nyingine kule GitHub, bonyeza kwanza herufi y kwenye kibodi ili anwani ifungwe kwenye toleo lile lile. Kiungo cha tawi husogea kila faili inapobadilika, na wiki ijayo kitaonyesha mstari usiohusika. Hakikisha nywila na funguo za siri hazimo, kwa maana kilichokwisha kusukumwa hakifutiki kwa kusukuma kingine juu yake; ufunguo uliovuja hubadilishwa.

Anayetaka kuona utaratibu huu ukifanya kazi asome maombi yaliyokwisha kuunganishwa ya OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa ambao tangu miaka yake ya mwanzo umetumika Eldoret, Kenya, na ambao wachangiaji wake wametapakaa mabara kadhaa. Kichwa cha ombi huko huanza na namba ya tiketi, hivyo msomaji wa baadaye anaweza kurudi kwenye chanzo cha kazi.

Kuhakiki kwa awamu moja

Soma maelezo, kisha majaribio, kisha msimbo. Majaribio hueleza mwandishi aliahidi nini, na mara nyingi lisilojaribiwa ndilo lisilofikiriwa. Weka alama kwenye kila faili uliyomaliza. Maoni yako yaandike kwa kuanzisha uhakiki, ili yakae pembeni hadi utakapoyatuma yote kwa pamoja. Maoni yanayotumwa moja moja humfanya mwandishi aanze kurekebisha la kwanza kabla hujafika la saba, ambalo huenda likalifuta la kwanza.

Kila oni lianze na neno linaloonyesha uzito wake. Maneno matatu yanatosha: lazima, hiari, swali. Kama hakuna hata moja la lazima, idhinisha papo hapo, uache ya hiari kwa busara ya mwandishi. Marekebisho ya maneno machache usiyaeleze. Yaandike kwa kipengele cha pendekezo, ambacho mwandishi hukikubali kwa kubonyeza kitufe.

Tuangalie mfano kwa karibu. Mistari hii hupokea taarifa kutoka mtandao wa malipo ya simu kwamba mteja amelipa:

akaunti.salio += taarifa["kiasi"]
akaunti.save()
return "OK"

Majaribio yanafaulu, mpangilio ni safi, na bado kuna mambo matatu. Mtandao ukikosa jibu kwa wakati huituma taarifa ileile tena, na mteja aliyelipa mara moja atapata salio mara mbili. Taarifa mbili zikiingia kwa pamoja, zote zitasoma salio la zamani, na moja itapotea. Tena hakuna mahali panapothibitisha kwamba taarifa imetoka kwenye mtandao wenyewe, hivyo anayeijua anwani anaweza kujiongezea fedha. Mhakiki akiandika "Hii si salama" amesema kweli, lakini amenunua mzunguko mwingine. Oni linalomaliza kazi ni kama hili:

"Lazima: dada, mtandao ukirudia kutuma, mstari wa 1 utaongeza salio mara ya pili. Naomba tuhifadhi namba ya muamala kwenye safu isiyoruhusu kurudiwa, na salio liongezwe kwenye hifadhidata yenyewe kwa hatua moja pamoja na kuhifadhi namba hiyo. Nimeambatisha jaribio linaloonyesha shilingi 10,000 zikiwa 20,000. Swali: saini ya taarifa inathibitishwa kabla ya kufika hapa? Kama haithibitishwi, nalo ni la lazima."

Kanuni iliyo nyuma ya mfano huu ni kufuata kila thamani inayotoka nje na kuuliza nani ameithibitisha. Hitilafu ya Heartbleed, iliyotangazwa Aprili 2014, ilitokana na OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, kuamini urefu wa ujumbe uliotajwa na upande wa pili bila kuulinganisha na urefu wa kweli. Badiliko lile lilikuwa limehakikiwa na mtu mwingine kabla ya kuingizwa.

Heshima ina sehemu yake katika haya. Kijana aliyeajiriwa mwezi uliopita, akipewa kazi ya mkubwa wake aihakiki, ataandika "Nadhani labda tungeweza kuangalia tena hapa", na mkubwa atasoma pongezi. Yale maneno matatu ya uzito humwokoa kijana: "Lazima: kaka" ni adabu na ni wazi kwa pamoja. Mkubwa naye ajibu kwa msimbo au kwa sababu, asijibu kwa cheo.

Saa, sikukuu na intaneti

Usiandike "tukutane saa tatu" kwenye ombi. Kwa Mswahili ni asubuhi au usiku, kwa mwenzako wa Kanada anayetafsiri neno kwa neno ni alasiri. Andika 09:00 UTC+3. Kumbuka pia kwamba Toronto husogeza saa zake Machi na Novemba, na sisi hatusogezi, hivyo muda wa kukutana mliouzoea utahama bila taarifa. Kama mna mwenzenu Muscat, Oman, mapumziko yake ni Ijumaa na Jumamosi. Siku ambazo wote mko kazini ni nne, Jumatatu hadi Alhamisi, na ombi mnalomtumia Alhamisi jioni msitegemee jibu lake kabla ya Jumatatu.

Kila mhakiki atenge nafasi mbili kwa siku, ya kwanza anapoanza kazi na ya pili kabla hajafunga, badala ya kukatizwa na kila arifa. Timu ikubaliane kwamba jibu la kwanza litolewe ndani ya saa 24 za siku ya kazi, na kwamba muda huo ukipita mwanatimu mwingine yeyote aruhusiwe kulichukua ombi. Mizunguko ikifika miwili bila kuelewana, pigianeni simu ya video ya dakika 15, kisha aliyeomba simu aandike ndani ya ombi mlichokubaliana, maana walioko kanda nyingine hawakuisikia. Washa pia uunganishaji wa kiotomatiki, ili ombi lililoidhinishwa Toronto usiku wetu liingie lenyewe majaribio yakifaulu.

Na mtandao ukikatika? Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kurasa za zana hizi hazikufunguka kwa wengi. Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyo chini ya zana hizi, haihitaji kurasa hizo. Hazina nzima iko kwenye kompyuta yako, na amri ya git format-patch hugeuza badiliko kuwa faili ndogo ya maandishi ambayo inaweza kwenda kwa baruapepe hata kwa bando linalosuasua, mwenzako akaipachika kwake kwa git am, akasoma na kujibu. Fanyeni zoezi hilo mara moja siku ambayo intaneti ni nzima, na mtandao ukirudi fungueni ombi la kawaida na kunakili humo maoni yote yaliyopita kwa baruapepe.